Vitunguu vyangu vinaungua kabla ya kuwa vitamu: nifanyeje?

Swali: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Kisauni, Mombasa. Navipenda sana vile vitunguu laini vya karameli, vya rangi ya kahawia, ambavyo huwekwa kwenye baga au juu ya nyama ya kuchoma. Nilifuata maelekezo yaliyosema nivikaange kwa dakika 15 kwenye moto wa wastani. Mara ya kwanza kingo ziliungua na katikati pakabaki pabichi, tena vikawa vichungu. Mara ya pili nilipunguza moto na kufunika sufuria, nikapata vitunguu vyeupe vinavyoelea kwenye maji. Jirani ananishauri nitie sukari, wifi yangu anasema nitie soda. Ninapikia gesi na sufuria ya kawaida ya alumini. Mama yangu hukaanga vitunguu vya biriani kwa muda mfupi wala haviungui. Mbona hivi vyangu vinanishinda? Je, nikipika vingi vinaweza kukaa siku ngapi? Jumapili ijayo nina wageni wanane.

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na zile dakika 15, kwa sababu ndizo zilizokuponza. Kilo moja ya vitunguu haiwezi kulainika, kukolea utamu na kugeuka kahawia kwa dakika 15 juu ya jiko la nyumbani, hata apike nani. Tenga saa nzima, na usishangae ikizidi kidogo. Wanaoandika dakika 15 ama wanazungumzia vitunguu vilivyolainika tu, kama vile vya kuanzia mchuzi, ama wanachelea kwamba msomaji akiona neno saa atatafuta mapishi mengine. Kwa hiyo mikono yako haina kasoro. Ulipewa muda wa chakula kingine.

Jambo la kulielewa kabla ya kuwasha jiko ni kwamba kazi yote hii ni kazi ya kuyasimamia maji. Kitunguu kibichi ni maji kwa karibu asilimia 89, maana yake ni kwamba katika kilo moja ya vitunguu vilivyokwisha kumenywa kuna maji yanayokaribia gramu 890. Maji hayo yamefungiwa ndani ya seli za kitunguu, na hutoka pale joto na chumvi vinapozilegeza seli hizo. Muda wote ambao kuna maji ya kutosha ndani ya sufuria, joto la vitunguu haliwezi kupanda mbali na nyuzi 100 za Selsiasi, ambacho ndicho kiwango cha kuchemka kwa maji kwetu sisi tunaoishi usawa wa bahari. Katika joto hilo vitunguu hutokota na kulainika, lakini rangi hubadilika polepole mno.

Rangi na ladha unazozitafuta huja kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni sukari yenyewe kugeuka karameli: sukari ya matunda, yaani fruktosi, huanza kugeuka kwenye nyuzi 110 hivi, na glukosi pamoja na sukari ya kawaida huhitaji joto linalokaribia nyuzi 160. Ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye mchango mkubwa zaidi katika ladha, ni mmenyuko baina ya sukari na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, uliopewa jina la mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Huo ndio unaoipa ngozi ya mkate rangi yake na nyama ya mshikaki harufu yake, na hushika kasi pale sehemu ya juu ya chakula inapokauka na joto likapita ule mpaka wa maji. Basi ukitaka rangi, maji sharti yaondoke. Na yakiondoka yote kwa mara moja huku moto ukiwa mkali, kitakachofuata ni kuungua.

Sasa ukiyatazama makosa yako mawili utaona kuwa yote ni suala la maji. Mara ya kwanza moto ulikuwa mkali tangu mwanzo, kingo nyembamba zikakauka na kuungua wakati katikati ya vipande bado pana maji yake yote. Mara ya pili ulifunika mpaka mwisho, mvuke ukapiga kifuniko na kurudi chini, na vitunguu vikachemka ndani ya maji yao wenyewe. Kifuniko si kibaya, na moto mkali kiasi si mbaya; ulichokosa ni kujua ni wakati gani wa kutumia kipi.

Kuhusu vitunguu vyenyewe, usihangaike kutafuta vyeupe au vya manjano vinavyotajwa katika mapishi ya Ulaya na Marekani. Vitunguu vyekundu tunavyovipata Marikiti na Kongowea, ambavyo vingi hutoka Tanzania na vingine Oloitokitok na Taveta, vinafaa kabisa. Tofauti ni kwamba vyekundu huishia kuwa na rangi ya giza zaidi, wakati mwingine rangi isiyopendeza sana machoni, lakini mlaji hatalalamika. Chagua vigumu, vyenye maganda makavu yanayochakarika na shingo iliyokauka. Chenye shingo laini huwa kimeanza kuoza ndani, na hewa yetu ya pwani yenye unyevu huharakisha uozo huo.

Vimenye, kisha kila kitunguu ukikate katikati kuanzia upande wa mizizi hadi upande wa shingo. Lalisha nusu hiyo juu ya ubao na uikate vipande kwa kufuata urefu uleule, si kwa kuikata kingamo kama tunavyofanya tunapotaka kachumbari. Nyuzi za kitunguu huenda kwa urefu, na vipande vilivyokatwa kwa kuzifuata hustahimili saa nzima ya kupikwa bila kusambaratika kuwa uji. Unene uwe chini kidogo ya nusu sentimita. Vikiwa vyembamba mno vitayeyuka au kuungua. Vikiwa vinene utakaa jikoni mpaka adhana ya pili. Lililo muhimu kuliko unene ni vipande vyote kulingana, maana kipande chembamba kitaungua wakati kile kinene kingali kibichi, na uchungu wa vipande vichache vilivyoungua huenea katika sufuria nzima.

Kama macho yanakusumbua, tumia kisu kikali na viweke vitunguu kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kukata. Machozi hayatoki kwa sababu ya harufu. Kisu kinapopasua seli, vimeng'enya hukutana na viambato vya salfa na kutengeneza gesi ambayo ikigusa unyevu wa jicho huwasha. Kisu butu hupondaponda seli nyingi zaidi, na ubaridi huvizubaisha vimeng'enya hivyo. Ukali huohuo ndio unaotuficha utamu wa kitunguu kibichi, na ndiyo sababu kitunguu kilichopikwa sana huonekana kitamu zaidi: sukari ilikuwamo tangu mwanzo, ila ukali umepungua kwa joto na maji yaliyoizimua yameondoka.

Sufuria yako ya alumini inaweza kuifanya kazi hii, ingawa si chombo bora. Kinachofaa zaidi ni chombo kipana chenye kitako kizito, kwa sababu upana huyapa maji nafasi ya kutoka kwa mvuke na uzito husambaza joto. Sufuria nyembamba hupata moto mahali palepale ambapo ndimi za gesi zinagusa, na vitunguu vya hapo huungua wakati vya pembeni vinakutazama. Dawa yake unayo nyumbani: chukua chuma chako cha kupikia chapati, kiweke juu ya jiko, na sufuria uiweke juu ya chuma hicho. Chuma kitaupokea moto na kuugawa sawasawa kwenye kitako chote. Kitachukua muda kupata joto, na kitaendelea kuwa na joto hata ukipunguza gesi, kwa hiyo fanya mabadiliko ya moto mapema kidogo kuliko ulivyozoea. Usitumie sufuria ndogo yenye kina kirefu. Kilo moja inahitaji upana wa sentimita 28 au zaidi.

Kwa kilo hiyo weka vijiko vitatu vya mezani vya mafuta. Mafuta ya kawaida ya kupikia yanatosha, lakini mimi hupendelea nusu yake iwe samli, kwa sababu samli imekwisha kuondolewa maji na masalia ya maziwa ambayo ndiyo huungua siagi inapokaa motoni muda mrefu, na harufu yake inakubaliana sana na vitunguu. Mafuta ya nazi pia yanafaa ikiwa vitunguu hivyo vitaingia katika chakula cha nazi. Vinginevyo yatakuamulia ladha kabla hujaamua mwenyewe.

Pasha mafuta kwa moto wa wastani, tia vitunguu vyote pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, geuza mpaka kila kipande kipate mafuta, kisha funika kwa dakika 10 hivi ukifunua mara mbili tatu kugeuza. Hapa ndipo kifuniko kinapohitajika. Mvuke utavilegeza vipande vyote kwa pamoja, chumvi itayavuta maji, na lile lundo lililojaa hadi ukingoni litashuka. Utaona maji yamekusanyika chini. Usiyamwage kamwe, maana ndani yake kuna sukari na ladha iliyotoka kwenye vitunguu.

Ondoa kifuniko na usikirudishe tena. Acha moto wa wastani, hata ukiwa na nguvu kidogo si vibaya, na uyaache maji yakauke huku ukigeuza kila baada ya dakika chache. Hii ni hatua ya dakika 15 hadi 20 ambayo huhitaji kuisimamia sana. Unaweza kuosha mchele au kukuna nazi. Ila sikio liwe jikoni. Maji yakiwa bado yapo utasikia mlio mzito wa kutokota, na yanapokaribia kwisha mlio hubadilika ukawa mwembamba na mkavu, mlio wa kukaanga. Mabadiliko hayo ya mlio yanaeleza zaidi kuliko saa ya ukutani, kwa sababu kila kitunguu kina maji yake na kila jiko lina moto wake. Ukiyasikia, punguza gesi mara moja hadi moto mdogo, na kama jiko lako lina ndimi mbili, hamia kwenye ule mdogo.

Kuanzia hapo hadi mwisho ni dakika 30 au 40, na huu ndio wakati wa kutobanduka jikoni. Vitunguu vitaanza kushika chini na kuacha ukoko wa kahawia. Wapishi wengi huuona ukoko huo wakashtuka na kuzima moto, kumbe ndio mali yenyewe: ni sukari na juisi za kitunguu zilizokauka juu ya chuma na kupata rangi. Kinachotakiwa ni kuurudisha ndani ya vitunguu kabla haujawa mweusi. Mimina kijiko kimoja au viwili vya maji juu yake, ukwangue kwa mwiko wa mbao, na utaona ukoko unayeyuka na rangi yake inaingia katika vipande. Acha maji hayo yakauke, ukoko mwingine ujitengeneze, urudie tena. Kila mzunguko huongeza rangi ngazi moja. Kiasi cha maji kiwe kidogo. Ukimimina kikombe kizima umerudi kule kwenye vitunguu vya kuchemsha.

Kugeuza nako kuna kipimo chake. Ukigeuza bila kupumzika, hakuna kipande kitakachokaa chini muda wa kutosha kupata rangi. Ukiacha mno, kitaungua. Mwanzoni mwa hatua hii geuza kila baada ya dakika mbili, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo uongeze mwendo, kwa sababu sukari imejilimbikiza na kutoka kahawia nzuri hadi nyeusi ni mwendo mfupi sana. Kama kuna sehemu imeungua kweli, imekuwa nyeusi na inanuka moshi, usiikwangue. Hamishia vitunguu vizima katika chombo kingine, uiache sehemu hiyo ilipo, na uendelee. Uchungu ukishachanganyika hauondoki kwa sukari wala kwa ndimu.

Utajua vimeiva kwa kuvitazama na kuvionja pamoja. Rangi iwe kahawia iliyokolea kote, vipande viwe laini vinavyopondeka kwa ulimi lakini bado vinaonekana kuwa vipande, na ladha ianze kwa utamu kisha ije na kitu kinachokaribia supu ya nyama. Hilo la nyama si mawazo yako. Miongoni mwa viambato vya salfa vinavyozalika kitunguu kikikatwa na kupikwa, kimo kimoja chenye ladha ya mchuzi wa nyama hasa, na kiasi kidogo tu chake kinatosha kuhisiwa. Ukisimamisha mapema, kwenye rangi ya dhahabu, utapata utamu bila kina. Baadhi ya watu huupenda utamu huo mwepesi kwenye mayai au juu ya viazi vya kuponda, na si kosa, lakini kwa baga na nyama ningekwenda mbele zaidi.

Nikujibu sasa kuhusu jirani na wifi.

Sukari haihitajiki. Gramu 100 za kitunguu zina sukari ya gramu 4 hivi, kwa hiyo kilo yako imebeba takriban gramu 40, sawa na vijiko 10 vya chai, na yote hiyo inabaki ndani ya sufuria wakati maji yanaondoka. Ukiongeza nyingine mwanzoni, itashika chini na kuungua kabla vitunguu havijalainika, na rangi utakayoiona itakuwa ya sukari uliyotia, nayo itakudanganya kuwa vitunguu vimeiva. Ikiwa mwishoni utaonja na kuona vimekosa utamu, jambo linalowezekana kwa vitunguu vikali sana, tia nusu kijiko cha chai katika dakika tano za mwisho. Zaidi ya hapo utakuwa unapika jamu.

Soda ya unga, ile ya kutilia keki, ina hoja nzito zaidi, na wifi yako hakulitoa hewani. Kitunguu kina asidi kidogo, na ule mmenyuko wa Maillard huenda kasi zaidi asidi ikipungua. Robo kijiko cha chai cha soda kwa kilo moja kinaweza kukupunguzia muda kwa kiasi cha kuonekana. Lakini soda hiyohiyo hubomoa pektini, ambayo ndiyo gundi inayoshikilia kuta za seli za mmea, na matokeo yake vipande hupoteza umbo na kuwa rojo. Katika vitunguu vyekundu kuna hasara nyingine: rangi nyekundu ya kitunguu hugeuka kijani-buluu ikikutana na soda, na kwa muda fulani sufuria itakuwa na sura ya kukukatisha tamaa. Ukizidisha, ladha itakuwa ya sabuni. Tena sufuria ya alumini haipatani na soda, kwa kuwa soda huila alumini na kuiacha nyeusi. Ningeikubali kwa supu au mchuzi ambamo vitunguu vitasagwa. Kwa kula vikiwa vipande, hapana. Na usifikirie kutumia magadi yale ya kulainishia maharagwe badala yake, maana ni makali zaidi ya soda ya keki.

Asidi hufanya kinyume cha soda, na hapa kuna jambo linalowahusu wapishi wetu wa kila siku. Nyanya, ndimu, siki na ukwaju huzifanya kuta za seli zikaze, na kitunguu kilichokutana na asidi kabla ya kulainika kinaweza kuchemka muda mrefu kikabaki kigumu. Wale ambao mchuzi wao huwa na vipande vya vitunguu vinavyolia menoni, mara nyingi ni kwa sababu nyanya ziliingia mapema. Kwa vitunguu vyetu hivi asidi ina nafasi moja tu, nayo ni mwisho kabisa, baada ya kuzima moto: matone ya ndimu au kijiko cha maji mazito ya ukwaju. Ukwaju ndio ninaoupendekeza, kwani huukata utamu bila kuufuta, na mshikaki na ukwaju ni majirani wa zamani.

Vitunguu vya biriani vya mama yako ni pishi jingine, ingawa vinaanzia kwenye ubao mmoja. Vile hukatwa vyembamba zaidi na kutiwa katika mafuta mengi ya moto, kama nyuzi 160 na kuendelea. Mafuta yanavizunguka pande zote kwa wakati mmoja, maji yanaruka kwa mapovu, na kwa dakika 10 hadi 20, kwa kutegemea wingi, vipande vimekauka na kuwa vya kahawia, tayari kuchakarika vikipoa. Haviungui kwa sababu mama anavitoa kabla havijafika rangi anayoitaka, akijua vitaendelea kuiva kwa joto vililobaki nalo hata vikiwa kwenye chujio. Ukavu ndio shabaha pale; huku tunatafuta ulaini. Ukitumia mafuta machache na moto wa biriani utapata kile ulichopata mara ya kwanza.

Vitunguu vya pilau vinasimama katikati ya hivi viwili, na wewe kama mtoto wa Mombasa bila shaka umeviona. Mpishi wa pilau hukaanga vitunguu mpaka vikolee rangi hasa, kwa sababu rangi ya wali wote inatoka hapo, kisha humwagia maji kidogo ili kuzuia visiungue na kuivunja rangi itoke. Kile kitendo cha kumwagia maji ndicho hichihichi cha kuyeyusha ukoko nilichokueleza. Kwenye pilau hufanywa mara moja kwa haraka, na kwenye vitunguu vya karameli hurudiwa mara nyingi kwa moto mdogo. Kwa hiyo unaifahamu kazi hii kuliko ulivyodhani.

Gesi nayo ni ghali, na saa nzima ya jiko inauma. Njia moja ya kupunguza ni kuvikata vitunguu usiku, kuviweka kwenye friza, na kuvitia kwenye sufuria vikiwa vimeganda. Barafu hupasua seli, na maji hutoka haraka zaidi vinapopata joto. Utaokoa dakika kadhaa za hatua ya kwanza, ingawa vipande huwa laini zaidi mwishoni. Njia nyingine, kama mnayo seredani nyumbani, ni kusubiri makaa yaliyomaliza kupika chakula kikuu yafifie, uyafunike kwa jivu, na kuikamilisha hapo ile hatua ya mwisho ya dakika 40. Moto wa makaa yaliyofunikwa jivu ni mpole na hupungua wenyewe kadiri vitunguu vinavyokaribia kuiva. Sufuria ya presha sikushauri, kwa kuwa inayafungia maji ndani, nayo ndiyo tunayoyafukuza.

Kuhusu kuhifadhi, tafadhali lizingatie hili kuliko mengine yote niliyoandika. Vitunguu vilivyopikwa na kulowa mafuta si achari. Havina asidi ya kutosha wala chumvi ya kutosha kujilinda, na mafuta huizuia hewa isivifikie, hali ambayo bakteria wa botulizimu, wale wanaotoa sumu kali ya kupoozesha mwili, huipenda. Mwaka 1983 huko Peoria, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, watu 28 waliugua botulizimu baada ya kula sandwichi zenye vitunguu vilivyokaangwa ambavyo viliachwa na joto la uvuguvugu ndani ya majarini iliyoyeyuka. Kwa joto la Mombasa usiviache mezani zaidi ya saa moja au mbili. Vitandaze kwenye sahani pana vipoe haraka, vitie katika chombo chenye kifuniko, uviingize kwenye friji, na uvile ndani ya siku tatu au nne. Kama unataka muda mrefu zaidi, tumia friza: vigandishe katika trei ya barafu, kila kitobo kijiko kimoja, kisha uhamishie vipande hivyo kwenye mfuko. Vitabaki vizuri kwa miezi mitatu. Umeme ukikatika usiku kucha na ukakuta chombo cha friji kimepata joto, vimwage bila kuvionja, kwa sababu sumu ya botulizimu haina harufu ya kukutahadharisha.

Kwa wageni wako wa Jumapili, vipike Jumamosi jioni. Havipotezi kitu kwa kulala kwenye friji, na siku ya pili utavipasha kwa moto mdogo na kijiko cha maji mpaka vitoe mvuke. Kilo moja ya vitunguu vibichi itakupa robo kilo hivi ya vilivyoiva, kiasi cha vijiko 16 vya mezani, ambayo ni vijiko viwili kwa kila mgeni. Hiyo inatosha kwa baga au mshikaki. Ukikusudia kuvitandaza pia juu ya wali wa dengu, pika kilo mbili, lakini katika sufuria mbili, au kwa zamu. Ukizirundika zote katika sufuria moja utapata tena yale maji uliyonilalamikia.